Alfred Butts, Mhesabu Herufi

Alfred Mosher Butts alizaliwa tarehe 13 Aprili 1899 huko Poughkeepsie, katika jimbo la New York nchini Marekani. Alisomea usanifu majengo katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, akahitimu mwaka 1924, kisha akafanya kazi ya kuchora ramani za majengo mjini New York. Hakuwa mwanaisimu wala mtunga kamusi. Inasimuliwa hata kwamba tahajia ilimpiga chenga. Hata hivyo, ni watu wachache waliowafanya wasemaji wa Kiingereza wafunue kamusi zao kwa pupa kama yeye.

Mdororo mkuu wa uchumi ulimwondoa kazini mwaka 1931. Akiwa hana ajira, alianza kuchunguza michezo inayopendwa na watu. Aliona kuwa ipo ya kubahatisha kwa namba, kama dadu, na ipo ya kusogeza vipande ubaoni, kama sataranji. Ile ya kuunda maneno ilikuwa michache, na tena haikuwa na utaratibu mzuri wa kuhesabu alama. Akanuia kubuni mmoja utakaochanganya bahati na maarifa.

Swali la kwanza lilikuwa la lugha: kila herufi iwekwe mara ngapi? Hapo alikumbuka hadithi ya Edgar Allan Poe ya mwaka 1843, The Gold-Bug, ambamo mhusika anafumbua maandishi ya siri kwa kujua kwamba E ndiyo herufi inayojitokeza zaidi katika Kiingereza. Orodha ya Poe, lakini, haitegemeki sana, kwani T, ambayo kwa kweli huifuata E, imetupwa nyuma hadi nafasi ya 10. Butts hakuinakili. Alichukua kurasa za magazeti, ukiwemo ukurasa wa kwanza wa New York Times, akahesabu herufi moja moja kwa mkono.

Matokeo ya kazi hiyo ya subira yangalipo hadi leo katika mfuko wa Scrabble. Vigae ni 100: E ni 12, A na I ni 9 kila moja, O ni 8, na viwili ni vitupu. Q na Z, zilizo adimu, zina kigae kimoja kimoja chenye alama 10. Pahala pamoja tu aliikaidi hesabu yake mwenyewe, nako ni kwenye S. Herufi hiyo ni ya kawaida mno magazetini, lakini alitoa vigae 4 tu, maana kwa Kiingereza neno huongezwa S mwishoni likawa wingi, na mchezo ungekuwa mwepesi kupita kiasi. Kwa maoni yangu, huo ndio uamuzi wake wenye busara kubwa kuliko yote. Kiswahili kingemdai hila nyingine: shamba huwa mashamba kwa kuongezwa mbele, X na Q hazimo katika alfabeti yetu, nayo A ingetawala mfuko mzima.

Mchezo wa awali aliuita Lexiko, nao haukuwa na ubao. Mwaka 1938 aliuwekea ubao wa miraba 225 ili maneno yapandane kama katika mafumbo ya magazetini, akauita Criss-Cross Words. Kampuni kubwa za michezo, Parker Brothers na Milton Bradley zikiwamo, ziliukataa. Ofisi ya hataza nayo ikamnyima haki. Alirudia usanifu majengo, huku akitengeneza seti chache kwa mikono yake na kuwauzia marafiki. Mkewe, Nina, aliyewahi kuwa mwalimu wake, alicheza naye na mara nyingi alimshinda.

Aliyeuokoa mchezo ni James Brunot wa Newtown, Connecticut. Mwaka 1948 walipatana: Brunot atengeneze na kuuza, Butts alipwe mrabaha kwa kila seti. Brunot alirekebisha ubao, akaongeza zawadi ya alama 50 kwa atumiaye vigae vyote saba, akaupa jina la Scrabble. Mwaka 1949 zilitengenezwa seti 2,400, na hasara ikawa dola 450. Kisha mwaka 1952 maagizo yakafurika ghafla, na kufikia 1954 seti karibu milioni 4 zilikuwa zimeuzwa kwa mwaka huo mmoja. Fungu la Butts lilikuwa kama senti 3 kwa seti. Hakutajirika kupindukia, ila aliweza kuinunua tena nyumba ya ukoo wao huko Stanfordville.

Wachezaji waliomfuata waligundua utajiri uliofichika ndani ya hesabu yake. Chukua A, E, I, N, R, S na T, ambazo zote ni herufi za alama moja. Anayezitazama haraka huona RETAINS, basi akatosheka. Mzoefu huzipanga upya, hutenga viambishi kama RE- mwanzoni au -ER mwishoni, hujaribu kila konsonanti mbele, naye hupata pia NASTIER, STAINER, RETINAS, ANTSIER na STEARIN. Herufi saba zinazoonekana duni hulipa kuliko Q iliyokwama bila U.

Butts alifariki tarehe 4 Aprili 1993 huko Rhinebeck, New York, akiwa na umri wa miaka 93. Katika mtaa wa Jackson Heights, Queens, alikoishi na kuujaribia mchezo wake katika ukumbi wa kanisa, pana kibao cha barabara ambacho kila herufi yake imeandikwa na alama zake chini.