Robert Koch

Robert Koch (Clausthal, 11 Desemba 1843 – Baden-Baden, 27 Mei 1910) alikuwa daktari na mtaalamu wa vijidudu kutoka nchi ya Ujerumani. Pamoja na Mfaransa Louis Pasteur anahesabiwa kati ya waanzilishi wa elimu ya bakteria. Mwaka 1905 alipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba kwa utafiti wake juu ya kifua kikuu. Alifanya utafiti pia katika Afrika ya Mashariki, hasa kwenye Ziwa Viktoria.

Maisha na kazi

Koch alisoma tiba kwenye Chuo Kikuu cha Göttingen. Alipokuwa daktari wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein (leo Wolsztyn, nchini Poland) alichunguza vijidudu nyumbani kwake. Mwaka 1876 alionyesha kwamba kimeta husababishwa na bakteria. Tarehe 24 Machi 1882 alitangaza mjini Berlin ugunduzi wa bakteria ya kifua kikuu, na mwaka 1884 akiwa India alitambua ile ya kipindupindu. Tangu hapo daktari aliweza kuthibitisha ugonjwa kwa kuona kisababishi chake kwa hadubini, bila kutegemea dalili peke yake.

Upande wa tiba hakufanikiwa vile. Mwaka 1890 alitangaza tuberkulini kuwa dawa ya kifua kikuu, lakini haikuponya, na baadhi ya wagonjwa waliodungwa walikufa. Hata hivyo mwili wa mtu aliyeambukizwa huitikia tuberkulini, kwa hiyo baadaye ilitumika kama kipimo.

Afrika ya Mashariki

Miaka 1897–1898 Koch alifanya kazi Dar es Salaam, akichunguza malaria na magonjwa ya mifugo. Vielelezo vilivyoletwa kutoka Kiziba, karibu na Bukoba, vilimwezesha kuthibitisha kwamba ugonjwa ulioua watu huko ulikuwa tauni.

Mwaka 1906 alirudi akiongoza tume ya Ujerumani ya kuchunguza malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Katika Uganda ulikuwa umeua watu wanaokadiriwa kuzidi 200,000. Tume ilifika kwanza Mwanza, lakini wagonjwa walikuwa wachache. Kwa kibali cha Waingereza ikahamia Visiwa vya Sese.

Huko vipimo vilifanywa kwa njia mbili. Tone la damu lilitiwa rangi na kutazamwa kwa hadubini, au tezi iliyovimba shingoni ilichomwa sindano ili kupata majimaji yake. Vimelea vya malale mara nyingi ni vichache katika damu, hivyo tezi ilisaidia pale damu iliposhindwa.

Waliothibitishwa walidungwa atoksili, dawa yenye aseniki. Vimelea vilitoweka kwa muda, kisha vikarudi. Koch aliongeza kipimo cha dawa hadi gramu moja. Wagonjwa 22 wakapofuka kabisa, na wengine walitoroka kambi. Hata hivyo alishauri wagonjwa wakusanywe kambini, na kambi za namna hiyo zilianzishwa katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani.

Baada yake

Mwaka 1922 malale yalizuka Maswa, katika eneo ambalo sasa ni Mkoa wa Simiyu wenye makao makuu Bariadi. Hiyo ilikuwa aina nyingine, inayoenezwa na mbung'o wa porini badala ya wale wa ufukoni. Vimelea vyake huishi pia katika wanyamapori na ng'ombe. Aina hiyo huua haraka zaidi, lakini vimelea huonekana kwa urahisi zaidi katika damu. Hadi leo hadubini ndiyo njia kuu ya kuitambua.

Taasisi ya Robert Koch mjini Berlin, iliyofunguliwa mwaka 1891, inaendelea kuchunguza magonjwa ya kuambukiza. Sifa zake kama mgunduzi hazijapungua, lakini majaribio ya Sese hutajwa leo kama mfano wa tiba iliyotolewa bila kujali vya kutosha usalama na ridhaa ya wagonjwa.