Livingstone na masikio yaliyovuma

Kuna swali linalorudi sana kwenye kipindi chetu cha afya, iwe simu inatoka Karatu mjini, Mang'ola au Endulen: kwa nini masikio yanalia wakati hakuna kitu kinacholia? Mmoja anasema anasikia kama nyenje usiku. Mwingine anasema ni kama mashine ya kusaga iliyo mbali. Karibu wote wanaongeza kwamba watu wakiongea wanawasikia vizuri tu, na nyumbani hakuna anayewaamini.

Nimeona nijibu kwa kusimulia maisha ya mtu ambaye jina lake unalijua tangu shule ya msingi, Dakta David Livingstone. Huku kwetu Ngorongoro hakuwahi kufika. Lakini Mikindani, Ujiji, Tabora na Ziwa Tanganyika alipita, na masikio yake yalimpa kazi kubwa kuliko vitabu vya historia vinavyosema.

Alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 huko Blantyre, Uskochi, katika familia maskini. Alipofika miaka 10 alipelekwa kufanya kazi katika kiwanda cha kusokota nyuzi za pamba. Aliingia saa 12 asubuhi na kutoka saa 2 usiku. Kitabu alikiegesha juu ya mashine, akawa anasoma sentensi moja moja kila alipopita mbele yake, huku mashine zikinguruma pande zote. Kelele za namna hiyo, miaka mingi, tunajua leo kwamba zinaweza kuumiza sikio la ndani polepole bila mtu kuhisi maumivu yoyote. Kama ndivyo ilivyokuwa kwake, hakuna wa kuthibitisha sasa. Lakini wewe unayeshinda kwenye mashine ya kusaga au juu ya trekta, fikiria hilo.

Kwa mshahara wa kiwandani alijisomesha, akafuzu udaktari mwaka 1840, akaja kusini mwa Afrika kama mmisionari. Mwaka 1844 simba alimrukia na kuuvunja mfupa wa mkono wa kushoto karibu na bega. Mfupa huo haukuunga sawasawa maisha yake yote.

Adui yake mkubwa, hata hivyo, alikuwa malaria. Wakati huo hakuna aliyejua kwamba mbu ndiye anayeieneza. Dawa iliyokuwepo ni kwinini, inayotoka katika magome ya mti wa Amerika ya Kusini. Livingstone alitengeneza vidonge vyake mwenyewe, kwinini ikiwa imechanganywa na dawa za kuharisha, na baada ya hapo mgonjwa aliendelea kupewa kwinini kila baada ya saa mbili. Mpaka lini? Mpaka masikio yaanze kulia, au mgonjwa awe kiziwi kidogo. Kwake yeye hiyo ndiyo ilikuwa ishara kwamba dawa imetosha mwilini.

Wazee wetu waliowahi kutibiwa kwa kwinini wanaijua hali hiyo. Masikio yanavuma kama umeingia ndani ya mtungi. Kwinini inavuruga kwa muda seli ndogo za sikio la ndani zinazopokea sauti, na kwa kawaida dozi ikiisha masikio yanatulia. Siku hizi malaria isiyo kali hutibiwa kwa dawa mseto, kwa hiyo wengi hawayapiti hayo. Bado zipo dawa nyingine zinazoweza kuleta mlio: aspirini kwa dozi kubwa, baadhi ya sindano za kuua bakteria kama jentamaisini, na baadhi ya dawa za kupunguza maji mwilini. Ukianza kusikia mlio baada ya kuanza dawa, mweleze aliyekuandikia. Usiiache mwenyewe.

Tarehe 24 Machi 1866 Livingstone alishuka Mikindani kuanza safari yake ya mwisho. Miongoni mwa waliokuwa naye ni Chuma na Susi, na hao wawili wangestahili makala yao wenyewe. Alifuata mto Ruvuma, akalizunguka Ziwa Nyasa kwa upande wa kusini, akaingia nchi ambayo leo ni kaskazini mwa Zambia. Tarehe 20 Januari 1867, wapagazi wawili walitoroka na mizigo. Ndani ya mizigo hiyo lilikuwemo sanduku la dawa, na kwinini yote ikaenda nalo. Aliandika katika shajara yake kwamba alijiona kama mtu aliyekwisha kuhukumiwa kifo.

Wiki saba baadaye, tarehe 10 Machi, aliandika tena. Homa ilikuwa haijamwachia. Kila hatua aliyopiga ilimgonga kifuani. Yeye aliyezoea kutangulia na kupunguza mwendo ili wenzake wasibaki nyuma, sasa alikuwa anajikokota. Masikio yake yalikuwa yakiimba bila kukoma, kiasi kwamba hata mlio wa saa zake za vipimo, ambazo zilikuwa na kelele, aliusikia kwa shida.

Hapo ndipo hadithi hii iliponishika. Daktari huyu alizoea kuusikia mlio huo kama dalili kwamba kwinini imefanya kazi. Sasa kwinini haipo, na mlio umekuja na homa. Sauti ni ileile, sababu ni nyingine kabisa. Ndiyo maana mhudumu wa afya hawezi kukuambia chanzo kwa kusikia tu kwamba masikio yanalia. Inaweza kuwa nta iliyojaa, dawa, kelele za kazini, homa, shinikizo la damu, umri, au isionekane sababu yoyote.

Na yule anayesikia vizuri? Ngoja nilieleze kwa kitu ninachokijua, redio. Ukiwa bondeni, stesheni ikififia, unaongeza sauti. Kinachoongezeka ni mvumo. Wataalamu wengi wanaeleza mlio wa masikioni kwa namna inayofanana na hiyo: sikio likipunguza kidogo taarifa linazopeleka, ubongo unajiongezea sauti, na mtu anaanza kusikia mvumo wake mwenyewe. Upungufu huo unaweza kuwa mdogo mno, au ukawa katika sauti nyembamba sana ambazo kipimo cha kawaida hakizifikii. Unapimwa, unaambiwa masikio ni mazima, unarudi nyumbani na mlio wako. Haujautunga. Wala haumaanishi kwamba umerogwa au unapoteza akili.

Tumrudie Livingstone. Tarehe 1 Aprili 1867 alifika ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika, ambako wenyeji waliliita Liemba. (Meli yetu kongwe ya MV Liemba imepata jina hapo.) Mwezi huohuo alianguka na kupoteza fahamu mlangoni mwa kibanda chake. Vijana wake walitundika blanketi mlangoni ili wageni wasimwone katika hali ile. Zilipita saa kadhaa kabla hajatambua yuko wapi.

Alipopata nafuu aliendelea na kazi: kupima, kuchora, kuandika majina ya mito. Simsifu kwa kila kitu. Njia alizozifungua walizipita pia waliokuja kututawala. Lakini alipanga siku yake kwa kazi iliyokuwa mbele yake, masikio yakiwa vyovyote yalivyo. Watu wengi wenye mlio huu wanasema hivyohivyo: mchana shambani wanausahau, usiku kukiwa kimya unarudi kwa nguvu. Kwa hiyo usiupiganie ukimya. Acha redio ikiongea chini kabisa, au lala dirisha likiwa wazi upepo usikike, kama usalama unaruhusu. Usichokonoe sikio kwa njiti wala kumimina mafuta ya moto. Kwenye kelele vaa vizibo au kaa mbali kidogo.

Lakini usingoje ikiwa mlio uko sikio moja tu, unadunda pamoja na mapigo ya moyo, au umekuja na kizunguzungu. Na usikivu ukipotea ghafla, nenda hospitali siku hiyohiyo. Zahanati inaweza kuangalia nta na kupima shinikizo la damu. Zaidi ya hapo hospitali za rufaa kama KCMC Moshi zina madaktari wa masikio.

Livingstone alifika Ujiji Machi 1869, amebebwa, akiugua mapafu. Dawa alizotumiwa kutoka pwani zilikuwa zimeachwa Unyanyembe, karibu na Tabora, siku 13 za mwendo kutoka pale. Stanley alimkuta Ujiji mwaka 1871 na kumpa chakula na dawa, lakini alikataa kurudi kwao. Alifariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo.

Chuma, Susi na wenzao waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili juani na kuubeba kwa miguu hadi Bagamoyo, ambako waliwasili Februari 1874. Uingereza walihakikisha ni yeye kwa kuutazama ule mfupa wa mkono uliovunjwa na simba. Mlio wa masikio haukuacha alama yoyote mwilini. Tunaujua kwa sababu aliuandika, na kwa sababu wabebaji wale waliitunza na shajara yake safari nzima.