W.E. Taylor na Mashairi ya Muyaka: Ushairi kama Mlango wa Lugha

William Ernest Taylor alizaliwa Uingereza mwaka 1856, na mwaka 1880 akafika Mombasa akiwa mmisionari wa shirika la CMS. Wageni wa wakati ule walikuwa na kitabu cha Steere cha mwaka 1870, kilichoegemea Kiunguja. Taylor alifuata njia inayofahamika zaidi kwa wanafunzi wa Kijapani cha kale, ambao huijua lugha hiyo kupitia tungo fupi za watu wa baraza ya mfalme, zilizokusanywa katika Kokinshu mwanzoni mwa karne ya 10. Aliingilia kwa Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, mshairi aliyewatetea watawala wa Kimazrui dhidi ya Lamu na Seyyid Said.

Mwongozaji wake alikuwa Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyeyakusanya mashairi hayo na kuyafafanua hadi alipofariki mwaka 1890. Tungo za Muyaka ni za mafumbo na kujibizana. Asiyezisikia sawasawa hupotewa na maana. Hivyo Taylor alilizoeza sikio lake kutenga sauti za meno na za ufizi, na zenye mpumuo na zisizo nao, akaziongezea herufi za Kiarabu alama za kuzionyesha. Katika Kimvita, paa wa porini hutamkwa kwa mpumuo, paa la nyumba bila mpumuo. Upatanisho wa kisarufi huondoa utata huo mara nyingi, lakini mshairi anaweza kuuficha kwa makusudi.

Mwaka 1891 alichapisha mkusanyo wake wa methali, na tafsiri yake ya Inkishafi ikatoka katika kitabu cha Stigand mwaka 1915. Mapenzi yake kwa Kimvita yalikuwa na upendeleo, na Kiunguja hakukitendea haki. Alifariki mwaka 1927. Mwaka uliofuata, mkutano wa Mombasa uliridhia Kiunguja kiwe msingi wa usanifishaji, na Kamati ya Lugha ikaanza kazi mwaka 1930.

Hasara ya tahajia iliyofuata haionekani sana Mombasa, ambako sikio hurithiwa nyumbani. Huonekana katika nyanda za juu za Ufipa. Msomaji wa Sumbawanga aliyelelewa kwa Kifipa na kukipokea Kiswahili Sanifu darasani hutegemea maandishi, na maandishi hayo humwonyesha paa mmoja tu. Alama za Taylor zingemfaa yeye kuliko Mmvita.

Diwani ya Muyaka ilihaririwa na Hichens kutokana na mkusanyo huo, ikatoka Johannesburg mwaka 1940. Hati za Taylor zimo SOAS, London.