Koomenjwe na Bahari Iliyopasuka

Mtu wa pwani akipanda Meru hudhani ameiacha bahari nyuma. Lakini akitembea kwa miguu, akashuka mabonde na kupanda vilima vya mashariki ya Mlima Kenya, akaketi na wazee, atasikia habari za kisiwa, za maji kupwa na kujaa, na za mtu aitwaye Koomenjwe.

Wameru husimulia kwamba wahenga wao walikaa kisiwa cha Mbwaa. Huko walitiwa utumwani na watu waliowaita Nguo Ntuni, yaani wenye nguo nyekundu. Mabwana hao wakawapa kazi zisizotendeka. Walitakiwa walete kiatu chenye manyoya ndani na nje. Wakakishona kwa ngozi inayoning'inia shingoni mwa ng'ombe. Mwisho wakaamriwa wafue mkuki wa kufika mbinguni. Hapo Koomenjwe akaona hila zimekwisha, imebaki kuhama.

Wakatoka usiku. Walipofika penye maji akayapiga kwa fimbo, bahari ikapasuka. Waliovuka gizani wakawa ukoo wa Njiru, weusi. Wa alfajiri wakawa Ntuni, wekundu. Na wa mchana Njeru, weupe. Safari ikaendelea bara hadi miguuni mwa mlima. Koomenjwe huhesabiwa kuwa wa kwanza katika cheo cha Mugwe, mwenye kuwaombea watu baraka, ambaye mkono wake wa kushoto ulifichwa ndani ya vazi kwa utukufu wake.

Sisi tuliosoma chuoni twamkumbuka mara moja Nabii Musa na Firauni. Lakini msomaji asiharakishe kusema ni hadithi ya kuazima. Mmarekani Jeffrey Fadiman, aliyezunguka vilima hivyo mwaka 1969 na 1970 akiwahoji wazee, aliona kwamba Mbwaa ni Manda, kisiwa jirani na Lamu. Wako wanahistoria wasiokubali. Hata hivyo mabaharia wetu wanaujua Mkanda, mlango mwembamba kati ya Manda na bara, ambapo zamani maji yakipwa jahazi lilingoja. Mwenye kujua saa za bamvua aweza kuvuka palipomshinda mwingine.

Hapa ndipo penye uchungu. Ikiwa Mbwaa ni Manda, Nguo Ntuni walikuwa nani? Tukisomewa kisa cha Musa, kila mmoja wetu hujiweka upande wa Musa. Habari ya Koomenjwe yatuuliza kama wazee wetu hawakuwa upande wa pili.

Huko Manda twawaonyesha wageni magofu ya Takwa, msikiti wake na nguzo yake, tukajisifu kwa mawe. Jiwe la mtumwa hatuna la kuonyesha. Habari yake ilipanda bara kwa miguu, ikahifadhiwa vinywani mwa wazee wa Meru. Atakaye historia ya Manda nzima, si nusu, naye na aifuate huko huko, kwa miguu, asikilize zaidi ya kusema.