Karo Iliyomtoa Mboya Mang'u

Tom Mboya, mzaliwa wa shamba la mkonge la Kilima Mbogo, aliingia shule ya Mang'u mwaka 1946 akitoka Yala. Babaye, mfanyakazi wa shamba hilo, alikuwa na watoto wengine wa kusomesha. Mwaka 1947 karo ilishindikana, na Mboya akaondoka bila kuufanya mtihani wa Cambridge.

Hakurejea mkongeni. Alijichagulia mafunzo ya bwana afya katika chuo cha Jeanes, Kabete, kwa sababu ambayo msomi angeiona duni: hayakudai karo, tena yalimpa mwanafunzi vijisenti vya matumizi. Ulikuwa uamuzi wa kijana aliyekwisha kutambua kwamba hatasomeshwa tena na mtu. Huko Kabete wenzake walimchagua kuongoza baraza la wanafunzi, na pengine hapo ndipo alipozoea kusema kwa niaba ya wengine. Alipoajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi mwaka 1951, hakukawia kujitosa katika harakati za wafanyakazi.

Mwaka 1959, kwa jitihada zake na za marafiki wa Marekani, wanafunzi 81 waliabiri ndege kwenda kusoma huko. Mwenyewe cheti cha Cambridge hakuwa nacho.