Mwalimu Nyerere na Kiti cha Mbulu

Ndugu zangu tuliokula ugali wa jiko moja, nimeombwa niandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha tutoka, nami nimemchagua Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Mtasema habari zake tumezisoma mno. Ni kweli, ila ile sehemu inayotuhusu sisi wa Mbulu na Hanang haikuwamo katika madaftari yetu ya Uraia, ambamo tulikariri maana ya katiba na kuisahau baada ya mtihani.

Mwalimu alizaliwa Butiama mwaka 1922. Alisoma Tabora na Makerere, akafundisha St. Mary's, Tabora, kisha akaenda Edinburgh alikopata shahada ya M.A. mwaka 1952. Aliporejea alifundisha Pugu, na mwaka 1955 akaacha kazi hiyo ili aiongoze TANU.

Uchaguzi wa Agosti 1960 uliipatia TANU viti 70 kati ya 71. Hicho kimoja kilichoponyoka kilikuwa chetu, na enzi hizo Hanang ilikuwa bado ndani ya Wilaya ya Mbulu. Chama kilimsimamisha Chifu Amri Dodo. Herman Elias Sarwatt, naye mwana-TANU, akasimama kwa nafsi yake, na wapiga kura wakampeleka yeye katika Baraza la Kutunga Sheria. Wazee wetu waliipenda TANU; walichokataa ni kuchaguliwa mtu.

Katiba ya Muda ya 1965 ikaleta chama kimoja, na njia aliyopita Sarwatt ikafungwa. Hapana budi nimtendee Mwalimu haki: mwaka 1960 viti 58 vilipita bila kupingwa, kwa hiyo wananchi wengi hawakupiga kura kabisa. Chini ya utaratibu mpya wanachama wawili walishindanishwa jimboni, na mwaka huo huo mawaziri wawili wakaangushwa. Hata hivyo, kwa maoni yangu, kuchagua kati ya wawili waliokwisha chujwa na chama si sawa na walichofanya watu wa Mbulu.

Sheria ya kuweka watu kizuizini ya 1962 ilikuwa yake pia. Lakini Hati ya Haki iliingizwa katika Katiba mwaka 1984 yeye akiwa bado Rais, na alipokwisha ng'atuka ndiye aliyehimiza tuujadili mfumo wa vyama vingi, uliorudi mwaka 1992.

Mgombea binafsi hakurudi. Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania jambo hilo mahakamani. Mahakama ya Rufani ikamkatalia mwaka 2010, Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha ikampa haki mwaka 2013. Ninapoandika haya, sheria bado inamtaka mgombea adhaminiwe na chama. Wenzetu mnaofundisha Uraia huko nyumbani, wapeni vijana kesi hiyo pamoja na habari za Sarwatt, muwaache wabishane.

Mwalimu alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, nami nikiwa kidato cha tatu. Alizikwa Butiama.