Jamaa aliyekasirishwa na sinema, ndiye yuko kwa spika za gari lako

Kabla hujaendelea kusoma, jaribu hii. Ingia kwa gari, liwe lako au la mjomba, keti kiti cha dereva, weka wimbo wa mugithi unaoujua vizuri, funga macho, halafu onyesha kwa kidole mahali mwimbaji amesimama. Ukionyesha mlango wa kulia karibu na kiwiko chako, hii stori ni yako. Ukionyesha nyuma kwenye buti, pole sana, mimi pia nilikuwa hapo.

Nilipoacha chuo nilikuwa na akiba kidogo ya vibarua, nikaimwaga yote kwa Probox ya brathe. Fundi mmoja akatoboa ubao wa nyuma, akapachika spika nne kubwa na woofa. Kutoka Nyeri hadi Karatina watu walikuwa wanageuka kututazama. Lakini sisi tuliokuwa ndani tulisikia mngurumo tu, maneno ya wimbo huyashiki, na sauti inakufuata kutoka nyuma kama mtu unayemdai… sorry, anayekudai.

Kutafuta kosa liko wapi ndiko kulinifikisha kwa Mwingereza aliyekufa 1942, Alan Dower Blumlein. Hapa Nyeri kuna Waingereza waliokufa tunaowajua. Baden-Powell wa maskauti kaburi lake liko hapa mjini na watalii wanakuja kupiga picha. Huyu mwingine hakuna anayemtaja, na yuko ndani ya kila nganya inayopita Chaka.

Alizaliwa London tarehe 29 Juni 1903. Akiwa na miaka saba alirekebisha kengele ya mlango kwao, kisha akamwandikia baba yake bili kama fundi wa stima kamili. Vitabu navyo vilimkataa: kusoma vizuri kulimshinda mpaka akakaribia miaka kumi na miwili. (Usikimbilie kumwonyesha mamako hii kama kisingizio. Blumlein alienda chuo na akatoka na digrii ya daraja la kwanza. Aliyeacha ni mimi.)

Alianzia kwa simu mwaka wa 1924, kazi yake ikiwa kuzuia maongezi ya laini moja yasivuje kwa laini ya jirani. Mwaka wa 1929 akahamia Columbia, watu wa santuri, ambao 1931 waliungana na wenzao ikawa EMI.

Mwaka huohuo ndio alienda sinema na mpenzi wake Doreen. Filamu zenye sauti zilikuwa bado mambo mapya, na sauti yote ilitoka sehemu moja. Mwigizaji anatembea kutoka kushoto hadi kulia kwa skrini, sauti yake inabaki palepale. Watu wengine walikula raha zao. Yeye ilimkera, na inasimuliwa kwamba alimwambia Doreen kuwa ana dawa ya hiyo shida.

Hakuwa anajigamba. Tarehe 14 Desemba 1931 alipeleka maombi ya hataza yenye madai 70, na humo ndani kuna karibu kila kitu tunachokiita stirio leo. Wazo lenyewe lilianza na masikio. Sauti ikitoka kulia, sikio la kulia linaipata mapema kidogo na kwa nguvu kidogo, na ubongo unatumia hiyo tofauti ndogo kujua mtu yuko wapi. Blumlein aliona kwamba ukirekodi kwa maikrofoni mbili na kupiga kwa spika mbili, unaweza kuudanganya ubongo umsikie mwimbaji katikati, mahali ambapo hakuna spika yoyote. Akabuni hata jinsi ya kuchora sauti mbili kwa mfereji mmoja wa santuri. Januari 1934 walirekodi kwa njia hiyo okestra ya Thomas Beecham ikipiga Mozart kwenye studio za Abbey Road. Mwaka wa 1935 akapiga filamu ya treni zikipita stesheni ya Hayes, na sauti ya treni inatembea na treni yenyewe.

Sasa turudi kwa Probox. Ujanja wa Blumlein unamtaka msikilizaji akae katikati ya spika mbili. Kwa gari hukai katikati. Tuseme spika ya kulia iko sentimita 70 kutoka kwako na ya kushoto 140. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwa hivyo ya kushoto inachelewa sehemu 2 hivi kati ya 1,000 za sekunde. Ni kidogo sana, lakini ubongo unaishika, na mwimbaji wote anahamia mlango wa kulia. Ndiyo maana mafundi wanaojua huweka twita kwenye nguzo za kioo cha mbele na spika za kati chini mlangoni, mbele kabisa ya miguu, ili umbali ukaribiane. Redio nyingine zina mpangilio wa kuichelewesha spika iliyo karibu. Woofa inaweza kukaa buti bila shida, kwa sababu besi nzito sikio halijui inatoka wapi. Na angalia nyaya: ukigeuza chanya na hasi kwa spika moja tu, besi inapotea, halafu unaenda kununua amplifaya kubwa bure.

Blumlein hakuiona stirio ikifika madukani. Kampuni ilimhamishia kwa televisheni, na timu yake ndiyo ilitoa mfumo wa mistari 405 ambao BBC ilianza nao 1936. Vita vikaja, akaingia kwa rada ya H2S, ya kuwaonyesha marubani ardhi usiku na juu ya mawingu. Tarehe 7 Juni 1942 walikuwa wakiijaribu kwa ndege aina ya Halifax. Injini ikashika moto, ndege ikaanguka karibu na Welsh Bicknor, na wote 11 wakafa. Uchunguzi ulifikia nati moja ya injini ambayo haikukazwa vizuri. Alikuwa na miaka 38 na watoto wawili wa kiume. Rada ilikuwa siri, kwa hivyo kifo chake nacho kikafichwa. Santuri za stirio zilianza kuuzwa 1958, hataza yake ikiwa imeshaisha muda. Grammy ya ufundi alipewa 2017.

Zile spika nne za nyuma tulizitoa, tukauza mbili. Mbili tukazishusha milango ya mbele, tukaziba matundu ya mlango, tukapandisha twita za bei rahisi kwenye nguzo. Brathe alipowasha, mwimbaji alikuwa juu ya dashibodi, karibu na kioo, hapo tunapobandika stika ya insurance.